Aliyelifunza Jeshi Si Mwenye Jeshi

Iko rai ambayo katika miaka hii michache imeenea katika baraza za kahawa za Magomeni, tangu Mapipa hadi Mwembechai, na kutoka huko ikavuka bonde la Jangwani ikaingia Kariakoo, ikapata wafuasi wengi hata mtu anayethubutu kuipinga huulizwa kwanza amelipwa na ubalozi gani. Rai yenyewe, nikiieleza kwa insafu bila kuipunguzia nguvu, ni kwamba dola iliyokwisha kuyatoa majeshi ya kigeni katika ardhi yake, kisha ikarudi mezani kuandikiana mapatano ya ulinzi na dola nyingine, iwe ile ile iliyoondoka au mpya iliyokuja kushika nafasi yake, imejihadaa nafsi yake, kwa kuwa aliyelifunza jeshi ndiye mwenye jeshi, na mkono uliomwonyesha askari namna ya kushika bunduki ndio utakaomwonyesha siku moja pa kuielekeza. Wanaoishika rai hii si wajinga. Miongoni mwao wamo wazee waliovaa magwanda katika vita vya Kagera, wamo walimu, na wamo vijana wanaofuatilia mambo ya dunia kwa bidii kuliko wengi wetu tuliowatangulia kuzaliwa. Nami nasema wamekosea, na kosa lao lina madhara, maana linatupotezea wakati kwa swali la nani aje, ilhali swali lenye faida tunaliacha limelala.

Najua rai hii ilikopatia nguvu. Ufaransa ilitoka Mali Agosti 2022, ikatoka Burkina Faso Februari 2023, ikatoka Niger Desemba ya mwaka huo huo, kisha Chad Januari 2025 na Senegali Julai 2025. Na Marekani nayo ikakiacha kituo chake cha Agadez, huko huko Niger, mwaka 2024. Mwafrika aliyeziona bendera hizo zikishushwa akafurahi hana wa kumlaumu. Walakini huko Mali, kabla Mfaransa hajamaliza kufunga mizigo yake, walikwisha kuwasili askari wa kukodiwa wa Wagner kutoka Urusi, tangu mwisho wa mwaka 2021, na masharti ya kuja kwao hayakuwekwa wazi mbele ya raia wa Mali; na baraza zile zile zinazolaani kila mapatano ya kijeshi zikashangilia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba wenzetu, kwa hakika, hawachukii mapatano. Wanaitazama bendera ya mgeni, na akiwa mgeni ni adui wa yule tuliyemchukia jana, humpokea bila kumwuliza atalala siku ngapi.

Lakini sina haja ya kusafiri hadi Bamako kutafuta ithibati, na ithibati iliyo kubwa kuliko zote ipo hapa hapa mjini kwetu, katika mambo yaliyompata mtu ambaye nyumba yake ya Magomeni leo ni makumbusho. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliokuwa katika kambi ya Colito, ambayo sasa twaiita Lugalo, waliasi, wakawakamata maofisa wao wa Kiingereza wakawapeleka uwanja wa ndege kurudishwa Nairobi, wakaingia mjini wakashika barabara na majengo ya serikali, na wakamlazimisha Oscar Kambona, aliyekuwa waziri, kusimama mbele yao kusikiliza madai ya mishahara na ya vyeo. Mwalimu Nyerere akafichwa ng'ambo ya pili, Kigamboni. Maduka yakavunjwa Kariakoo, na hata huku Magomeni damu ilimwagika. Kesho yake kikosi cha pili cha Tabora kikafuata. Tarehe 25 mwezi ule ule, makomando wa Uingereza waliotoka katika manowari ya Centaur wakashuka kwa helikopta penye kambi ya Colito, na baada ya muda mfupi uasi ukawa umekwisha, na serikali huru ya umri wa miaka miwili ikawa imeokolewa na bunduki za dola iliyokuwa imeitawala. Mwalimu mwenyewe hakulificha jambo hilo. Aliliita fedheha.

Sasa wenzetu huisoma habari hii wakasema: tazama, jeshi lililofunzwa na Mwingereza lilitaka kuipindua serikali, na Mwingereza mwenyewe akaja kulizima; ni ushahidi gani mwingine mnaoutaka? Mimi nasema ushahidi ni wa jambo jingine kabisa. Jeshi la Colito halikuwa na mapatano yoyote ambayo askari wa kawaida angeweza kuyaona kuwa ni ya taifa lake. Bendera ya Uingereza ilishuka tarehe 9 Desemba 1961, jina la King's African Rifles likafutwa likaandikwa jina jipya, lakini amiri akabaki kuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa karibu wote wakabaki wale wale; hata majina ya kambi, Colito na Kalewa, yalikuwa ya mapigano ya vita vya wengine, moja la Uhabeshi na jingine la Burma. Mgeni alikuwa ndani ya nyumba, na hakuna aliyemwambia askari wa Kitanganyika ni lini atatoka, wala ni nani wa kumwamuru atoke. Kwa neno moja, kilichokosekana ni muhula. Uhusiano uliendelea kwa mazoea, na mazoea ndiyo yaliyoasiwa.

Angalia basi alilolitenda Mwalimu baada ya hapo, maana ni katika mwezi wa Februari hadi wa Septemba wa mwaka ule ndipo hoja yangu ilipo, na nasikitika kwamba vijana wetu hufundishwa habari za uasi wakaachwa bila kufundishwa habari za tiba yake. Kwanza, alilivunja jeshi lote. Pili, hakuridhika kuwaacha makomando wa Kiingereza waendelee kuilinda Dar es Salaam kwa fadhila. Aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakutana mjini hapa katikati ya Februari, akawaomba askari wa Kiafrika washike nafasi mpaka jeshi jipya lisimame. Nigeria ikaitika. Kikosi chake cha tatu, chini ya Luteni Kanali James Pam, kikafika katika majira ya masika, Waingereza wakaondoka, na Wanaijeria wakakaa wakilinda na kufunza. Tarehe 1 Septemba Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa, na kabla mwezi huo haujaisha Wanaijeria nao wakarudi kwao. (Pam mwenyewe, aliyekuja kutulinda na uasi wa askari wetu, aliuawa Lagos Januari 1966 katika uasi wa maofisa wa jeshi lake. Dunia haina huruma.) Hakuna kambi ya Nigeria iliyobaki, wala haki ya kupita, wala deni. Huo ndio ushirikiano wa kijeshi baina ya nchi mbili baada ya majeshi ya kigeni kutoka, nao ulitimizwa mbele ya macho ya babu zetu. Nastaajabu kuona wajukuu wao wakisema jambo hilo haliwezekani.

Tena tazama ni nani aliyewekwa kuwa mkuu wa jeshi hilo jipya: Mrisho Sarakikya, ofisa aliyehitimu chuo cha Sandhurst, Uingereza. Kama aliyemfunza ofisa ndiye mwenye ofisa, basi Mwalimu alimrudishia Mwingereza jeshi kwa mkono wake mwenyewe. Yuko nani awezaye kulisema hilo bila kucheka? Desemba 1965, kwa sababu ya Rhodesia, serikali iliyolindwa na jeshi la Sarakikya ilivunja uhusiano wa kibalozi na London, wala hakuna ofisa aliyesimama kumtetea aliyemfundisha gwaride.

Mwaka huo wa 1964, Mwalimu aliwaalika pia Wachina: watu kumi na mmoja, saba wakufunzi na wanne wakalimani, kwa miezi sita. Mabalozi wa nchi za Magharibi wakapatwa na homa. Akawajibu, kwa upole uliojaa upanga, kwamba jeshi lililomwasi Januari halikufunzwa na Wachina. Watu wengi huikumbuka jeuri ya jawabu hilo, wachache huikumbuka hesabu iliyokuwa nyuma yake, kwamba idadi ya wageni ilijulikana, muda ulijulikana, na amri juu ya askari ilibaki kwa Mtanzania. Na walipokuwapo Wachina, Wajerumani wa Bonn walikuwa wakitusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mapema mwaka 1965, Tanzania ilipokubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, Bonn ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi ili kutuadhibu, na Mwalimu akawaambia wachukue na misaada yao mingine. Wenzetu wangeweza kuitumia habari hii dhidi yangu, na wangekuwa na haki kiasi: naam, mgeni hujaribu kuufanya msaada kuwa kitanzi. Sikanushi. Ila kitanzi kile hakikukaza, na sababu yake ni kwamba hatukuwa tumewekeza shingo yote katika kamba moja. Kanada ikaja ikachukua mahali pa Mjerumani, ikaleta ndege za Caribou na Otter, washauri wake wakasaidia katika kuandaa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, na miaka mitano ilipotimia, mwanzoni mwa 1970, wakafunga mabegi wakaenda. Katika miaka hiyo jeshi moja lilikuwa na Wakanada na Wachina, dola mbili ambazo hata kutambuana kibalozi zilikuwa hazijatambuana. Ni nani kati yao aliyekuwa mwenye jeshi?

Baada ya 1970 tuliegemea China kupita kiasi, na hilo nitalikubali bila kubembelezwa. Silaha za upande mmoja huleta vipuri vya upande mmoja, na mwenye vipuri ana sauti. Lakini sauti si amri. Mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, uamuzi wa kumfuata hadi Kampala ulifanywa Dar es Salaam.

Waganda nao watusaidie, kwa kuwa ugonjwa wao na wetu ulianza wiki moja. Askari wa Jinja waliasi tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya wa Colito, na wa Lanet, kule Kenya, wakaasi siku ya pili yake. Na serikali hizo mbili pia zikaomba msaada wa askari wa Kiingereza. Obote lakini hakulivunja jeshi lake. Aliwaongezea mishahara, akaharakisha vyeo, na katika ngazi hizo zilizopandwa kwa haraka alipanda Idi Amin. Israeli ikaja kumfunzia askari na marubani. Amin alipotwaa serikali Januari 1971, Israeli ilikuwa miongoni mwa marafiki wake wa kwanza. Na kwa kanuni ya baraza zetu, jeshi la Uganda tangu siku hiyo lilipaswa kuwa mali ya Tel Aviv. Mwaka mmoja baadaye, mapema 1972, Amin aliwafukuza Waisraeli wote, na Julai 1976 askari wa Israeli walirudi Entebbe usiku, wakawaua askari wa jeshi walilolifunza na kuziteketeza ndege za kivita uwanjani. Mwalimu na mwanafunzi walikutana kwa risasi. Aliyeifikisha Uganda pale ni dola isiyokuwa na sheria juu ya jeshi lake, na dola ya namna hiyo, hata isipofunzwa na mtu, jeshi lake litaifunza yenyewe.

Kwa upande wa Kenya nakutana na jambo ambalo wapinzani wangu hulitaja mara kwa mara, tena kwa haki. Majeshi ya Uingereza yaliondoka Kenya mwaka 1964, lakini yakabakiwa na ruhusa ya kuja kufanya mazoezi, na kituo chao cha Nanyuki kipo hadi leo. Mwaka 2012 mwanamke mmoja wa mji huo aliuawa, mwili wake ukakutwa katika tangi la maji machafu la hoteli, na jamaa zake wakazungushwa mwaka baada ya mwaka, hata Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza. Mtu akiniambia kwamba habari hii inatosha kuchukia kila askari wa kigeni, nitanyamaza kwa heshima ya marehemu. Akiniambia kwamba inathibitisha kuwa mapatano yote ni batili, nitamwambia arudi aisome tena. Kilichowanyima jamaa wale haki yao kwa miaka zaidi ya kumi ni kutofanyiwa kazi swali la nani atamhukumu mgeni akiua. Hilo ni suala la kifungu cha mkataba na la ujasiri wa serikali inayokitekeleza. Kila mtu wa Magomeni aliyewahi kukodi chumba katika nyumba ya Kiswahili anaijua tofauti ya mpangaji aliyeandikiana na mwenye nyumba, kodi yake na mwezi wake wa kutoka vikiwa karatasini, na jamaa aliyekaribishwa kwa wiki moja akaleta na kitanda. Wala hakuna mwenye nyumba ambaye, kwa kuudhiwa na yule jamaa, huapa asipangishe tena.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba sisi daima ni wenye nyumba. Baraza zetu hupenda kuzungumza hivyo. Lakini Watanzania nao wamekuwa askari wa kigeni, tena zaidi ya mara moja, na katika Uganda tulikuwa hivyo kwa miaka zaidi ya miwili. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na askari wetu wa mwisho walitoka katikati ya 1981. Sisemi hili kuwapunguzia hadhi wale waliokwenda; nchi ilivamiwa, na walikwenda wakaitoa fedheha, na wengine hawakurudi. Ila tuliingia kwa vita, si kwa mwaliko wa dola iliyosimama, na kwa hiyo masharti yalikuja kutafutwa wakati askari tayari wako barabarani. Matokeo yake kila mtu anayajua. Yusuf Lule aliondolewa Juni 1979, Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980, na mara zote mbili jeshi lenye nguvu kuliko yote mjini Kampala lilikuwa letu. Jeshi letu likitenda lilishutumiwa, na likikaa kimya lilishutumiwa vile vile, kwa sababu mgeni mwenye bunduki katika nyumba isiyo na mapatano hana kimya kisichokuwa na maana. Jeshi jipya la Uganda tulilosaidia kulifunza lilikuwa likiandikishwa na makundi yanayoshindana, kila mkubwa akijaza watu wake, na mapema 1981 Museveni alikwisha kuingia msituni kupigana nalo. Je, jeshi lile lilikuwa mali yetu, kwa kuwa tulilifunza? Laiti tungeweza kuliamuru lisiue raia wake. Hatukuweza. Rai ya baraza zetu inavunjika hapo mbele ya macho yetu wenyewe, kwa ushahidi wa askari wetu wenyewe.

Leo jambo lile limerudi kwa sura nyingine, kusini. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Julai 2021 jumuiya ya SADC ilipeleka kikosi Msumbiji, na Rwanda ikapeleka chake kwa mapatano yake yenyewe. Septemba 2022 serikali za Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Filipe Nyusi zikatia saini Maputo mapatano ya ulinzi na usalama. Na Julai 2024 kikosi cha SADC kilipofunga kazi, askari wa Tanzania walibaki katika wilaya ya Nangade kwa mapatano ya nchi mbili. Mwezi huo huo majeshi ya Tanzania, Msumbiji na China yakaanza mazoezi ya pamoja katika kituo cha Mapinga, wilayani Bagamoyo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Katika haya yote, baraza zetu zimegawanyika kwa namna ya kuchekesha: wanaolaani mazoezi ya Mapinga kuwa ni ukoloni mpya ndio wanaokuambia kwamba kukaa kwetu Nangade hakuna la kuulizwa, maana Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, na sisi ni ndugu.

Udugu huo naukubali wote, na ndio unaonitia wasiwasi. Adui unaweza kumfukuza. Ndugu huoni haya kumkaribisha bali huona haya kumwuliza siku ya kuondoka. Mtu wa Nangade ambaye shamba lake limepakana na kambi ya askari wetu anastahili kujua yale yale ambayo askari wa Colito hakuyajua: muhula ni upi, amri ni ya nani, gharama ni ya nani, na askari akimdhulumu mtu atasimama mbele ya mahakama ya nchi gani. Bunge letu lina kamati ya mambo ya nje, ulinzi na usalama, na mbunge anayetaka kuilinda heshima ya jeshi angeanza kwa kuyauliza hayo manne, kuhusu Nangade na kuhusu Mapinga pia, kwa sauti moja na bila kubagua bendera. Nitaambiwa kwamba maswali kama hayo huwavunja moyo vijana walioko mpakani. Vijana wa 1964 hawakuvunjwa moyo na maswali ya wabunge. Walikaa miaka miwili na ushei katika jeshi ambalo hakuna aliyekuwa akiuliza lolote juu yake, mpaka wakauliza wao wenyewe, usiku, kwa bunduki.